Nyama Isiyotoka Zizini: Nyama ya Seli na Afya ya Wafugaji wa Mazinde

Utangulizi

Mazinde ipo chini ya ukingo wa magharibi wa Milima ya Usambara, kati ya Mombo na Mkomazi, kando ya barabara kuu iendayo Same na Moshi. Hapo hukutana aina mbili za ufugaji. Katika tambarare za bonde la Mkomazi, Wamaasai na Waparakuyo huswaga makundi ya ng'ombe, mbuzi na kondoo wakifuata malisho na maji. Huko juu, Mazinde Juu na vijiji vingine vya wilaya ya Lushoto, miteremko ni mikali na mashamba ni madogo. Ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa hufungwa bandani na kukatiwa majani. Katika milima hiyo hiyo wamo pia Wambugu, ambao tangu zamani wamejulikana kwa ng'ombe wao. Kwa watu hawa wote mnyama ni chakula, ni mbolea, na ni akiba ya fedha. Ni chanzo pia cha baadhi ya homa zinazowafikisha katika zahanati.

Katika miaka ya karibuni imezuka teknolojia ya kuipata nyama bila kumchinja mnyama, kwa kuikuza kutokana na seli, yaani chembe hai, zilizochukuliwa katika mwili wake. Watetezi wake husema kwamba itapunguza maradhi yatokanayo na mifugo, itahifadhi mazingira na itawaepusha wanyama na mateso. Wapo wanaotabiri kwamba ufugaji wa kuchinja utafikia ukomo.

Somo hili linaeleza nyama hiyo hutengenezwaje, imefika wapi, na ina maana gani kwa mhudumu wa afya na kwa mgonjwa anayeishi na mifugo. Swali la msingi ni moja: je, nyama ya seli ingewaondolea watu wa Mazinde maradhi yatokanayo na wanyama?

Namna nyama inavyokuzwa

Nyama tunayoila kwa kawaida ni msuli. Ndani ya msuli wa mnyama zimo seli shina, ambazo kazi yake ni kuutengeneza upya msuli unapojeruhiwa. Mtaalamu huchukua kipande kidogo cha msuli kwa kutumia ganzi, bila kumuua mnyama, kisha huzitenga seli hizo na kuziweka katika kimiminika chenye sukari, asidi amino, chumvichumvi, vitamini na vichocheo vya ukuaji. Joto hudumishwa karibu nyuzi 37 za Selsiasi, sawa na joto la mwili. Seli moja hugawanyika kuwa mbili, mbili kuwa nne, na kuendelea hivyo mpaka zinapofika mabilioni ndani ya tangi.

Baada ya hapo kimiminika hubadilishwa ili seli ziache kugawanyika na zianze kuungana kuwa nyuzi za msuli. Nyuzi hizo huhitaji kiunzi cha kushikilia, kwa kuwa msuli hukomaa unapovutwa. Seli za mafuta hukuzwa peke yake, kisha huchanganywa na zile za msuli.

Kuna vikwazo viwili ambavyo mhudumu wa afya atavielewa upesi. Kwanza, nyama hii haina mishipa ya damu. Oksijeni hupenya katika tishu kwa sehemu ndogo tu ya milimita. Seli zilizo ndani zaidi hufa, kama tishu ya mwili inavyokufa inapokosa damu. Ndiyo maana ni rahisi kutengeneza nyama ya kusaga, na ni vigumu mno kutengeneza kipande kinene cha mnofu. Pili, nyama hii haina kinga ya mwili. Ng'ombe hupambana na bakteria kwa chembe nyeupe za damu. Tangi la seli halina mlinzi. Bakteria wachache wakiingia, huongezeka upesi kuliko seli na kuharibu mkupuo wote. Kwa hiyo usafi unaotakiwa ni kama ule wa chumba cha upasuaji.

Kikwazo cha tatu ni cha maadili. Kwa miaka mingi wataalamu walikuza seli kwa kutumia seramu itokanayo na damu ya ndama aliyetolewa tumboni mwa ng'ombe aliyechinjwa. Nyama iliyokusudiwa kuondoa uchinjaji ikawa inautegemea uchinjaji. Watengenezaji wengi sasa wanatumia vimiminika visivyo na seramu hiyo, ingawa vichocheo vya ukuaji vimebaki kuwa sehemu ya gharama kubwa.

Kutoka maabara hadi mezani

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1931, Winston Churchill wa Uingereza aliandika kwamba siku moja watu wangekuza kidari au bawa la kuku peke yake, pasipo kumfuga kuku mzima. Ilipita zaidi ya miaka 80 kabla ya jambo hilo kuonekana mezani. Tarehe 5 Agosti 2013, huko London, Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht, Uholanzi, alionyesha mbele ya waandishi wa habari kinofu cha nyama ya kusaga kilichoundwa kwa nyuzi zipatazo 20,000 za msuli wa ng'ombe. Gharama yake ilikuwa takriban euro 250,000. Kwa kuwa nyuzi hizo zilikuwa nyeupe, ziliongezwa maji ya kiazisukari chekundu na zafarani ili zipate rangi ya nyama.

Desemba 2020, Singapore ikawa nchi ya kwanza kuruhusu nyama ya kuku iliyokuzwa kwa seli iuzwe. Marekani iliruhusu kampuni mbili mwezi Juni 2023. Mwaka huo huo, mwezi Novemba, Italia ilipitisha sheria ya kuipiga marufuku, ikitaja ulinzi wa wakulima na mapokeo ya vyakula vyake. Barani Afrika, kampuni changa ya Cape Town iliyoitwa wakati huo Mzansi Meat ilionyesha nyama yake ya ng'ombe iliyokuzwa kwa seli mwaka 2022. Hata hivyo, popote ilipoanza kuuzwa, nyama hii imebaki kuwa chache na ya bei kubwa. Haijawa chakula cha mtu wa kawaida.

Mwaka 2023, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa na Shirika la Afya Duniani yalitoa taarifa ya pamoja kuhusu usalama wa vyakula hivi. Wataalamu waliona kwamba hatari nyingi, kama vile kuingiwa na vijidudu au kubaki kwa kemikali, zinafahamika tayari katika vyakula vingine na zinaweza kudhibitiwa. Yanayohitaji uangalizi wa pekee ni viambato vipya: vichocheo vya ukuaji, vifaa vya kiunzi, na uwezekano wa kuleta mzio kwa baadhi ya walaji.

Maradhi yapi yangeondoka, yapi yangebaki

Ni kweli kwamba nyama iliyokuzwa katika tangi safi haiwezi kuwa na mayai ya minyoo wala vifuko vya tegu, kwa kuwa hakuna mnyama aliyekula majani yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu. Haigusani na utumbo wakati wa kuchinja, hivyo hatari ya salmonela na bakteria wengine wa tumboni hupungua. Hakuna mzoga wa kuchunwa, hivyo mchinjaji hakutani na kimeta. Manufaa haya ni ya kweli na hayafai kubezwa.

Lakini maradhi mengi ya mifugo hayapitii katika nyama. Msomaji atazame njia ambazo watu huambukizwa:

Ugonjwa wa kutupa mimba, uitwao pia brusela, humfikia binadamu hasa kwa maziwa yasiyochemshwa, na kwa kugusa kondo la nyuma, kijusi kilichotupwa na majimaji ya uzazi wa mnyama.

Homa ya Q husambaa kwa vumbi na matone yenye vijidudu kutoka katika majimaji hayo hayo ya uzazi. Mtu huvuta hewa tu akaambukizwa.

Leptospirosi, ambayo Watanzania waliifahamu kwa jina la homa ya mgunda ilipozuka mkoani Lindi mwaka 2022, hutokana na mkojo wa panya, ng'ombe na wanyama wengine unaochafua maji na udongo.

Homa za kupe huletwa na kupe wanaoishi juu ya wanyama na katika majani ya malisho.

Homa ya Bonde la Ufa huenezwa na mbu, na pia kwa kugusa damu na viungo vya mnyama mgonjwa. Katika mlipuko wa mwaka 2007, uliofuata mvua kubwa, watu zaidi ya 100 walifariki nchini Tanzania.

Katika orodha hii, nyama yenyewe ni njia moja tu, tena si iliyo kuu. Njia kuu ni maziwa, uzazi, mkojo, kupe, mbu na damu. Hata kama bucha zote za Mombo na Korogwe zingeuza nyama ya seli, familia ya Mazinde Juu ingeendelea kumkamua ng'ombe wake asubuhi na kumsaidia azaapo usiku. Brusela ingebaki bandani.

Ukubwa wa jambo hili ulionekana wazi katika uchunguzi uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walifuatiliwa. Kati yao, 528 walikuwa wamedhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ilithibitishwa kwa 14 tu. Miongoni mwa waliopimwa maradhi ya bakteria yatokanayo na wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: 40 walikuwa na leptospirosi, 36 homa za kupe, 24 homa ya Q, na 16 brusela. Kipimo cha haraka cha malaria, kinachotumika siku hizi hata katika zahanati, humwambia mhudumu kwamba homa hii si malaria. Hakimwambii ni homa ya nini. Jibu aghalabu huanza kupatikana kwa swali ambalo halina gharama yoyote: mgonjwa huyu anaishi na wanyama gani?

Lishe: kilichomo na kisichomo

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, na asilimia 58 ya watoto wa miezi 6 hadi 59, walikuwa na upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, zikiwemo malaria na minyoo, lakini uhaba wa madini ya chuma katika chakula ni miongoni mwazo. Mwili hufyonza takriban asilimia 15 hadi 35 ya chuma kilichofungamana na rangi nyekundu ya damu na ya msuli, ilhali chuma cha mboga na nafaka hufyonzwa kwa asilimia 2 hadi 20. Kwa mama mjamzito na mtoto anayeanza kulikizwa, kipande kidogo cha nyama au maini si anasa.

Je, nyama ya seli ingetoa chuma hicho? Si kwa yenyewe. Wekundu wa nyama hutokana na mayoglobini, protini yenye chuma ambayo msuli huitengeneza kwa wingi unapofanya kazi ndani ya mwili. Seli zinazokua tangini hutengeneza kidogo sana. Ndiyo sababu kile kinofu cha London kilihitaji kutiwa rangi. Vilevile vitamini B12 haitengenezwi na msuli. Hutengenezwa na bakteria wa tumboni mwa ng'ombe, kisha huhifadhiwa katika nyama na ini. Tangi halina tumbo wala bakteria hao. Virutubisho hivi vinaweza kuongezwa na mtengenezaji, lakini ni lazima akusudie kuviongeza.

Kwa upande mwingine, wapo wagonjwa wanaofaa kupunguza nyama. Mwaka 2015, wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliiweka nyama iliyosindikwa, kama soseji, katika kundi la visababishi vya saratani, na nyama nyekundu katika kundi la vile ambavyo huenda vikaisababisha. Mgonjwa wa jongo naye hushauriwa kupunguza nyama nyekundu na maini. Ushauri huo haumhusu kwa namna ile ile mtoto aliyedumaa, anayeonja nyama siku za sikukuu tu. Mhudumu mwenye busara hupima ushauri wake kwa mgonjwa aliye mbele yake.

Mazingira, mbolea na akiba ya kaya

Shirika la Chakula na Kilimo lilikadiria mwaka 2013 kwamba mifugo huchangia asilimia 14.5 ya gesijoto zinazotokana na shughuli za binadamu. Ng'ombe hucheua na kutoa methani. Nyama ya seli haitoi methani hiyo wala haihitaji malisho mapana, jambo lenye uzito katika bonde ambalo wafugaji wamebanwa kati ya mashamba ya mkonge, kilimo cha umwagiliaji na mipaka ya hifadhi ya Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Hata hivyo matangi huhitaji umeme mwingi wa kupasha joto na kusafisha. Umeme huo ukitokana na makaa ya mawe au gesi, hutoa hewa ya ukaa, ambayo hudumu angani muda mrefu kuliko methani. Faida kwa tabianchi inategemea umeme umetoka wapi.

Zaidi ya hayo, hesabu inayomtazama ng'ombe kama nyama tupu haimtazami ng'ombe wa Usambara. Samadi yake hurutubisha mashamba ya mboga katika miteremko inayochoshwa na mmomonyoko. Maziwa yake hulishwa watoto, na ziada huuzwa. Mbuzi huuzwa siku mtoto anapopewa rufaa ya hospitali. Mfugo ni akiba, na pengine ni bima pekee ambayo kaya inayo. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Suala la uhalali

Katika mkoa wa Tanga, wenye Waislamu wengi, swali la halali na haramu haliepukiki. Mwaka 2024, kamati ya fatwa ya Singapore ilieleza kwamba nyama ya seli inaweza kuwa halali ikiwa seli zimetoka kwa mnyama anayeruhusiwa kuliwa, na ikiwa chakula kinachopatikana hakina kitu kisicho halali. Seramu ya damu na namna seli zilivyopatikana ni mambo yanayoendelea kujadiliwa na wanazuoni. Mhudumu wa afya aulizwapo jambo hili, inafaa aeleze namna nyama inavyotengenezwa na awaachie viongozi wa dini hukumu yake.

Yanayowezekana leo

Kinga iliyo mikononi mwa watu wa Mazinde haingoji tangi.

Kwa mfugaji na familia yake:
1. Maziwa yachemshwe mpaka yatokote, hata ya kugandisha. Mtindi wa maziwa mabichi hauwi salama kwa kuchacha tu.
2. Ng'ombe au mbuzi anapozaa au kutupa mimba, asishikwe kwa mikono mitupu. Glovu zitumike, au mifuko ya plastiki isiyotoboka. Kondo na kijusi vifukiwe kwa kina mbali na mbwa na watoto, na mama mjamzito asihudhurie kazi hiyo.
3. Mnyama aliyekufa ghafla asipasuliwe wala kuliwa. Afisa mifugo aarifiwe kwanza.
4. Nyama inunuliwe ikiwa imekaguliwa na kupigwa muhuri, na ipikwe mpaka isibaki nyekundu ndani. Damu mbichi isinywewe.
5. Dawa za mifugo zitolewe kwa ushauri wa mtaalamu, na maziwa ya mnyama anayetibiwa yasitumiwe mpaka muda ulioelekezwa upite, ili kupunguza usugu wa vimelea dhidi ya dawa.
6. Chai isinywewe pamoja na mlo, kwani hupunguza ufyonzaji wa chuma. Tunda kama chungwa huuongeza, na dagaa huwafaa wasiomudu nyama.

Kwa mhudumu wa afya:
1. Kila mwenye homa isiyo ya malaria aulizwe kama anafuga, anakamua, anachinja au amesaidia mnyama kuzaa, na kama hunywa maziwa mabichi.
2. Homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya viungo na mgongo, kuvimba korodani, au mimba kuharibika kwa mwanamke anayeishi na mifugo, vimkumbushe brusela. Tiba yake kwa kawaida ni dawa mbili kwa pamoja kwa takriban wiki sita. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba kupata nafuu katika wiki ya pili si kupona.
3. Ajenge mawasiliano na afisa mifugo wa kata. Habari za mbuzi wengi kutupa mimba katika kijiji ni habari za afya ya watu pia.

Hitimisho

Nyama ya seli ni hatua kubwa ya elimu, na huenda ikapata nafasi yake katika miji na nchi zinazokula nyama nyingi kupita kiasi. Inaweza kuchukua mahali pa kinofu katika sahani. Haichukui mahali pa ng'ombe katika banda. Kwa kuwa maradhi yanayowalaza watu wa Mazinde hutoka zaidi bandani kuliko sahanini, ulinzi wao utaendelea kuwa sufuria ya maziwa inayotokota, mikono iliyofunikwa usiku wa uzazi, na mhudumu wa zahanati anayekumbuka kuuliza habari za mifugo kabla hajaandika dawa.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chenu, ni njia zipi tatu ambazo mtu anaweza kuambukizwa ugonjwa wa mnyama bila kula nyama?
2. Mama mjamzito mwenye upungufu wa damu anafuga mbuzi wawili. Apewe ushauri gani kuhusu lishe, na upi kuhusu kinga?
3. Ikiwa nyama ya seli ingefika sokoni kwa bei nafuu, ni mahitaji yapi ya kaya yenu ambayo ng'ombe angeendelea kuyatimiza?